Tunaopakia kontena tuijue bahari

Hapa Birmingham hakuna bahari, ila mifereji tu. Hata hivyo, miezi kadhaa kabla ya Ramadhani utawaona watu wetu wakifunga friji, magodoro na baskeli za watoto, wakichangia kontena la futi 40 liende Mombasa, Dar au Unguja. Nyinyi mlioko Muscat na Dubai mnafanya hayo hayo. Basi habari za meli zisiachiwe matajiri peke yao. Sisi ndio tunaolipa mwisho, na hakuna anayetuuliza.

Tuanze na Bahari ya Sham. Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen waliiteka meli ya Galaxy Leader. Muda si mrefu kampuni kubwa zikaacha kupita Mfereji wa Suez, zikawa zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema kule Afrika Kusini. Safari ya Asia na Ulaya ikarefuka kwa siku kumi hivi mpaka wiki mbili. Julai 2025, baada ya kimya cha miezi, meli mbili, Magic Seas na Eternity C, zilizamishwa, na mabaharia wakapoteza maisha. Mafuta yakaongezeka, bima ikapanda. Mwenye meli akapandisha nauli, wakala naye akaongeza yake, na bili ikamfikia mama anayempelekea dada yake friji Kisauni.

Kuna jambo jingine ambalo wengi wetu hatulijui. Machi 2021 meli ya Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ilikwama Suez kwa siku sita. Baadaye wenye meli walitumia sheria ya kale ya bahari, ya tangu zama za kutosa shehena tufani ikipiga: gharama ya kuiokoa meli hugawanywa kwa wote wenye mali ndani yake. Asiyekuwa na bima alitakiwa aweke fedha au dhamana kabla ya kupewa mzigo wake, hata kama haukupata mkwaruzo. Jamani, wangapi kati yetu wanakata bima ya mzigo? Mimi mwenyewe nilingoja sanduku la vitabu miezi mitano, na karatasi pekee niliyopewa na wakala ni risiti ya mkono.

Halafu kuna moshi. Meli hutoa takriban asilimia 3 ya gesi zinazolipasha joto dunia. Mwaka 2023 nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lenye makao yake London, zilikubaliana kuufuta uchafuzi huo ifikapo 2050 au karibu na hapo. Oktoba 2025 zilikutana kupitisha ada kwa meli zinazochafua. Marekani ikapinga kwa nguvu, Saudi Arabia ikatoa hoja ya kuahirisha mwaka mmoja, na hoja ikapita kwa kura 57 dhidi ya 49.

Naelewa kwamba nchi za Ghuba zinaishi kwa mafuta. Lakini Oman hiyo hiyo inajipanga kuzalisha haidrojeni kwa jua na upepo huko Duqm na Dhofar, na kutokana nayo amonia, ambayo inaweza kuendesha meli. Kwa hiyo biashara ipo hata mafuta yakipungua. Maoni yangu ni kwamba ada ipite, lakini sehemu ya fedha ije kwenye bandari ndogo za pwani yetu. Bila ya hivyo, mama wa friji atalipia moshi wa wengine, huku maji yakila fukwe za kwao.

Na hayo hayatasemwa kama hatuna watu mezani. Mwaka 1840 Ahmad bin Naaman aliifikisha Sultana New York kutoka Zanzibar. Vijana wetu wanalijua jina lake, lakini ukiwauliza wanataka kusoma nini, ni nadra kumsikia anayetaja bahari. Nimesomesha miaka mingi, najua mtoto hachagui kazi asiyoisikia nyumbani. Kazi za bahari siku hizi ni pamoja na sheria, bima, kompyuta na uhandisi. Dar kuna Chuo cha Bahari, Mombasa kuna Bandari Maritime Academy. Wazazi, watajieni.

Wakati huo huo, kabla hujalipa nauli, muulize wakala mambo manne: meli inaitwaje, inapita njia gani, hati ya shehena iko kwa jina la nani, na bima inalipia ile hasara ya kugawana au la. Akishindwa kujibu, tafuta mwengine.