Ulinzi wa Kura Uje Kabla ya Kura

Juma hili tunawaalika tutafakari pamoja jambo lililotokea mbali na kwetu, lakini lenye funzo kwa kila anayeithamini sauti ya mnyonge. Nchini Marekani, kwa karibu miaka 48, yalikuwapo majimbo ambayo hayakuruhusiwa hata kuhamisha kituo kimoja cha kupigia kura bila kwanza kupata kibali cha serikali ya shirikisho. Tarehe 25 Juni 2013, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliuondoa ulinzi huo. Sisi tunaamini kwamba ulinzi ule ulikuwa wa haki, na kwamba walioupoteza ni wale waliouhitaji zaidi.

Tuanze na chanzo chake. Marekebisho ya 15 ya Katiba ya Marekani, yaliyopitishwa mwaka 1870, yalikataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi yake. Maneno yalikuwa mazuri, lakini watawala wa majimbo ya kusini walitafuta njia za kuyakwepa. Waliweka kodi ya kupiga kura. Waliweka mitihani ya kusoma na kuifafanua Katiba, na karani msahihishaji alikuwa huru kumfelisha amtakaye. Mahakama ilipofuta kikwazo kimoja, kingine kilikuwa kimekwisha kutungwa. Ndiyo maana katika jimbo la Mississippi, kabla ya mwaka 1965, Wamarekani weusi walioandikishwa katika daftari la wapiga kura hawakufika 7 kati ya kila 100 waliostahili.

Tarehe 7 Machi 1965, watu wapatao 600 walianza kuandamana kwa amani kutoka mji wa Selma, Alabama, wakidai haki hiyo. Walipovuka daraja la Edmund Pettus, askari waliwashambulia kwa virungu na mabomu ya machozi. Kijana John Lewis, ambaye baadaye alikuwa mbunge, alipasuliwa fuvu la kichwa. Majeruhi wengi walipokelewa katika Good Samaritan, hospitali ya Kikatoliki mjini humo. Siku chache baadaye masista walifika Selma wakiwa katika mavazi yao ya kitawa, miongoni mwao Sista Mary Antona Ebo, mtawa mweusi kutoka St. Louis. Naye Padre Theodore Hesburgh alikuwa mjumbe wa Tume ya Haki za Raia tangu mwaka 1957. Wapendwa, historia hii basi haiko mbali na Kanisa kama tunavyoweza kudhani.

Tarehe 6 Agosti 1965, Rais Lyndon B. Johnson alitia sahihi Sheria ya Haki za Kupiga Kura. Nguvu yake kubwa ilikuwa katika kifungu cha 5. Jimbo au kaunti yenye historia ya ubaguzi, kwa kipimo kilichowekwa na kifungu cha 4, ilipotaka kubadili lolote katika uchaguzi, ililazimika kupeleka badiliko hilo kwa Mwanasheria Mkuu wa shirikisho, aliyekuwa na siku 60 za kulipinga, au kwenda katika mahakama ya shirikisho mjini Washington. Na tuzingatie jambo hili: aliyebeba mzigo wa uthibitisho alikuwa mtawala. Yeye ndiye aliyetakiwa kuonyesha kwamba badiliko lake halimdhuru mtu kwa rangi yake. Mwananchi hakulazimika kutafuta wakili. Sheria nzima ilizaa matunda upesi, kwani kufikia mwaka 1967 walioandikishwa Mississippi walikuwa wamekaribia 60 kati ya 100.

Yapo yanayoonyesha jinsi ulinzi huu ulivyofanya kazi hata baada ya miaka mingi. Mwaka 2001, katika mji mdogo wa Kilmichael, Mississippi, meya na madiwani, wote weupe, walijaribu kufuta uchaguzi baada ya watu weusi wengi kuliko wakati wowote kujitokeza kugombea. Wizara ya Sheria ilikataa. Uchaguzi ulipofanyika, mji ulimpata meya wake wa kwanza mweusi. Huko Calera, Alabama, mipaka ya kata ilichorwa upya na kuivunja kata pekee iliyokuwa na weusi wengi. Diwani wake, Ernest Montgomery, alishindwa katika uchaguzi wa mwaka 2008. Wizara iliipinga ramani hiyo, uchaguzi ukarudiwa, naye akarudi katika kiti chake. Calera imo katika Kaunti ya Shelby, na kaunti hiyo ndiyo iliyokwenda mahakamani kutaka ulinzi huu uondolewe.

Ilishinda kwa majaji 5 dhidi ya 4. Haki inatudai tuwasikilize walioshinda. Jaji Mkuu John Roberts alisema kwamba kipimo cha kifungu cha 4 kilitegemea takwimu za miaka ya 1960 na 1970, kwamba kusini kumebadilika, na kwamba majimbo yote yana hadhi sawa. Hoja hizi si za kupuuzwa. Ni kweli kwamba Bunge, lilipoirefusha sheria mwaka 2006 kwa kura 98 kwa 0 katika Seneti, halikukigusa kipimo hicho cha zamani. Lakini Jaji Ruth Bader Ginsburg alijibu kwa mfano ambao hata mtoto angeuelewa: ni sawa na kutupa mwavuli katikati ya mvua kwa sababu hulowi. Kipimo kilichochakaa hurekebishwa. Hakiwi sababu ya kuwaacha watu bila kinga.

Yaliyofuata yalithibitisha maneno yake. Siku ileile ya hukumu, Texas ilitangaza kuanza kutumia sheria ya vitambulisho ambayo mahakama ya shirikisho ilikuwa imeikataa mwaka 2012. Sheria hiyo ilikubali leseni ya kubeba bastola, ikakataa kitambulisho cha mwanafunzi. North Carolina nayo ilipitisha sheria mwaka huohuo wa 2013 iliyopunguza siku za kupiga kura mapema. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa iliifuta, ikisema iliwalenga weusi kwa makusudi. Lakini uchaguzi wa mwaka 2014 ulikuwa umekwisha kufanyika. Nani atamrudishia kura yake yule aliyezuiwa siku hiyo? Maji yakimwagika hayazoleki.

Hapo ndipo ulipo msimamo wetu. Kesi baada ya tendo humtaka mnyonge atafute fedha, mashahidi na miaka ya subira, huku aliyemdhulumu akiendelea kutawala kwa kura zilezile za dhuluma. Uchunguzi kabla ya tendo humtaka mwenye nguvu ajieleze kwanza. Mwenye kalamu ya kuandika sheria ndiye anayepaswa kubeba mzigo.

Mwaka 2021 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wenye jina la John Lewis, aliyefariki mwaka 2020. Ulikuwa na kipimo kipya, kinachotazama makosa ya miaka 25 ya karibuni, mahali popote nchini, si kusini tu. Ulikwama katika Seneti. Sisi tunaona kwamba njia hiyo ndiyo ya haki, kwa kuwa inajibu lawama ya Mahakama bila kuwatupa wanyonge.

Wapo ndugu zetu, wasemaji wa lugha hii, waliopata uraia na kupiga kura katika majimbo hayo. Tuwakumbuke. Nasi, tupewapo mamlaka juu ya wengine, iwe katika jumuiya, shuleni au kazini, tujiulize kabla ya kubadili kanuni: badiliko hili litamwumiza nani? Usipoziba ufa, utajenga ukuta.