Mshono Usioonekana

Mtu akikunjua jora la kitenge katika duka la nguo la Kirumba, Mwanza, ataona maua yaleyale yakijirudia tangu mwanzo hadi mwisho, wala hataona mahali mchoro unapokoma na kuanza upya. Kiwandani silinda ya kupiga chapa hubingirika juu ya kitambaa, na kila mzunguko huurudia mchoro. Mzingo utumikao sana ni sentimita 64. Kwa hiyo urefu wa kipande cha msingi sharti uigawe 64 bila baki, kama 32 au 16. Kipande cha sentimita 30 kingeacha baki ya 4, na ua lingekatwa shingo. (Kanga ni habari nyingine, maana ina pindo na mji wake.)

Siku hizi michoro hiyo hutayarishwa kwa kompyuta. Programu kama GIMP, ambayo hailipiwi, ina amri ya kusogeza picha nusu ya upana na nusu ya urefu wake. Kinachotoka kulia huingia kushoto. Kinachotoka chini huingia juu. Kingo za zamani hukutana katikati kama msalaba, na kasoro zote za mshono huonekana hapo. Mchoraji huutengeneza msalaba huo pasipo kugusa kingo mpya, ambazo zilikuwa katikati ya picha na kwa hiyo zaungana zenyewe.

Ubaya ni kwamba vijana wengi huonyeshwa amri ya kubonyeza bila kuelezwa kwa nini inafaa. Kumbe hesabu yake ni ya saa ya ukutani: saa kumi ukiongeza saa tano ni saa tatu, kwani 15 huondolewa 12. Katika picha yenye upana wa nukta 512, zikihesabiwa kuanzia 0, nukta ya 500 ikisogezwa nukta 256 hufikia 756. Toa 512, hubaki 244. Ikisogezwa mara ya pili hurudi 500, mahali pake pa asili.

Shule isiyo na kompyuta haina udhuru. Mwanafunzi achore katikati ya karatasi ya mraba bila kufikia kingo, aikate vipande vinne vilivyo sawa, kisha abadilishane vipande kwa mshazari: cha juu kushoto kiende chini kulia, cha juu kulia kiende chini kushoto. Avigundishe, ajaze nafasi tupu ya katikati, halafu anakili mara tisa na kuzipanga nakala tatu kwa tatu. Mwalimu anayefundisha uhamisho wa maumbo kwa pembetatu tupu za ubaoni, mwaka hata mwaka, analinyima darasa mfano unaovaliwa nyumbani kwa kila mwanafunzi.

Nakala hizo zitundikwe ukutani, darasa lizitazame kwa mbali. Mshono ukiwa umetoweka kabisa, bado ua moja kubwa mno litajitokeza kama safu ya nguzo. Hapo hakuna amri ya kubonyeza. Ua lipunguzwe, au liwekwe jingine la kushindana nalo.