Acheni kubadilisha pampu, tafuteni kinachoziua

Kila pampu ya maji ikiungua Kawangware hukumu huwa ni ileile: "Hiyo ilikuwa feki ya China." Fundi anachomoa, mwenye ploti ananunua nyingine, wapangaji wanaongezewa mia mbili kwenye kodi, na baada ya miezi minne tunarudi palepale. Jamani! Mimi kazi yangu ni kuandika programu. Kwetu, mtu anayezima na kuwasha seva kila inapoanguka bila kusoma logi hadumu kazini. Huyu wa pampu tunamlipa mara tatu kwa mwaka.

Ndiyo, mara tatu. Nasema juu ya ploti ninayoijua, yenye pampu ndogo ya nusu hospawa inayopandisha maji kutoka tangi la chini hadi la juu. Ile ya tatu ilipokufa niliomba maiti nikaifungua (skrubu nne tu, jaribuni). Sili imeungua na kupasuka, beringi zimeshika kutu, koili imefuata. Sili hupozwa na maji yaleyale yanayosukumwa. Pampu ikizunguka kavu, sili inaungua, kisha maji yakirudi yanavujia kwenye beringi.

Sasa, kwa nini izunguke kavu? Nairobi inategemea zaidi bwawa la Ndakaini, na tangu mgao wa 2017 mitaa mingi imezoea maji ya zamu. Siku isiyo ya zamu tangi la chini linakauka. Pale kwenye ploti swichi ya floti ilikuwepo, lakini tangi la juu peke yake! Juu kukiwa kutupu, inawasha. Hakuna anayeuliza chini kama kuna maji. Programu ya namna hiyo ningeirudisha kwa aliyeiandika. Floti ya pili, ndani ya tangi la chini, ikate stima maji yakipungua: bei yake haikaribii hata kidogo bei ya pampu mpya.

Lakini wa Kibera msikimbilie dawa hiyo kabla ya kupima. Kwenye laini za sambaza, waya mmoja mwembamba unabeba nyumba nyingi, na ugonjwa mara nyingi ni volti. Mota ya volti 240 ikipewa 170 inabaki na nusu tu ya nguvu ya kuzungusha. Inanguruma, inavuta mkondo mwingi, koili inakuwa nyeusi huku sili ikiwa nzima. Pima kwa mita saa moja jioni, pampu ikiwa inafanya kazi. Kupima asubuhi watu wakiwa kazini ni kujidanganya.

(Wenye visima nao: pampu iliyo juu ya ardhi haivuti maji kwa kina chochote. Mombasa kikomo ni kama mita 10, huku kwetu mwinukoni ni kama 8 na nusu, na hiyo ni kwenye hesabu. Kwa vitendo ni pungufu.)

Feki zipo, sikatai. Ila hata pampu halisi ya bei ghali ikizungushwa kavu itakufa vilevile. Kwa hiyo, bwana mwenye ploti, kabla ya kuongeza mia mbili nyingine kwa mama anayenunua mitungi ya lita 20 wiki nzima maana mfereji wako ni mkavu, ifungue hiyo pampu mbele ya wapangaji, watazame wenyewe ni sili au ni koili.