Baraza ya Mwalimu: Mwanafunzi wa Miaka 74

Jamaa wa Louisville, wa Columbus na wa Buffalo, mwaka huu baraza yetu haitazungumzia mahari, wala michango ya mazishi, wala watoto wanaosemeshwa Kiswahili wakajibu kwa Kiingereza. Hayo tumekwisha yasema na, inshallah, tutayarudia. Mwaka huu nataka kueleza kosa nililolifanya mimi mwenyewe, na jinsi mzee mmoja mwenye magitaa matatu alivyonisahihisha.

Mzee huyo ni shemeji yangu, mume wa marehemu dada yangu. Ana umri wa miaka 74. Kabla ya kuja Marekani alikuwa mpiga gitaa la ridhimu katika bendi ya dansi, enzi zile ambapo bendi nyingi za kwetu zilijiita "Jazz": Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz, na kwetu Tanga tulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Vijana waliozaliwa huku hudhani bendi hizo zilipiga muziki wa akina Louis Armstrong. La hasha. Zilipiga rumba, cha-cha na mitindo ya nyumbani. Neno "jazz" lilikuwa kama kofia nzuri iliyovaliwa kwa ajili ya heshima.

Dada yangu alipofariki, shemeji alibaki peke yake katika nyumba ya Louisville. Wanawe, mmoja wa Columbus na mmoja wa Buffalo, wakashauriana kwamba baba ahamie Columbus. Shauri lilikuwa jema, lakini chumba alichowekewa kilikuwa kidogo. Wakanipigia simu. "Shikamoo, Mjomba. Tafadhali zungumza na Baba. Yale magitaa auze, abaki na moja la kujiliwaza. Tena bado analipa mwalimu wa kumfundisha. Umri wake huu, anajifunza ili iweje? Wewe anakusikia."

Nami nikaenda. Nilimkuta mezani, miwani puani, gitaa pajani, karatasi mbele yake. Nikamwamkia, nikanywa chai yake, kisha nikafungua kinywa changu cha ualimu. Nikasema, "Shemeji, wahenga walinena: samaki mkunje angali mbichi. Sisi tumekwisha kauka."

Hakukasirika. Alinitazama, akasema, "Mwalimu, mimi si samaki." Kisha akanionyesha magitaa yake, moja baada ya jingine, kama mtu anayemtambulisha mgeni kwa watoto wake.

La kwanza ni gitaa kavu, lile ambalo kwetu tuliliita galatoni. Alilinunua katika duka la rehani mjini Buffalo, mwaka wake wa kwanza katika nchi hii, alipokuwa akifanya kazi ya usiku ghalani. Alikuwa na miaka 45, na hilo ndilo gitaa la kwanza kuwa mali yake. Mimi sikujua. Nilidhani mtu aliyepiga miaka yote ile alikuwa na gitaa lake. Kumbe vyombo vilikuwa vya mwenye bendi. Tangu NUTA Jazz ilipoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, wanamuziki wengi waliajiriwa kwa mshahara na mashirika, jeshi, polisi au mtu binafsi mwenye vyombo. Ukiacha kazi, unarudisha gitaa, unatia sahihi, unatoka mikono mitupu. Hivyo ndivyo alivyotoka yeye.

Aliniambia kwamba mjini Buffalo kuna nyumba aliyokuwa akiipitia njiani, nambari 145 Broadway, iitwayo Colored Musicians Club. Mwaka 1917 wanamuziki weusi wa mji ule, kwa kuwa hawakupokelewa katika chama cha wazungu, waliunda chama chao, Local 533. Klabu yao ikaandikishwa mwaka 1935 kama kitu kilicho mbali na chama. Kwa hiyo vyama vile viwili vilipounganishwa mwaka 1969, klabu haikumezwa. "Wenzetu hawa," alisema shemeji, "walijua tofauti ya kuajiriwa na kuwa na chako."

Gitaa la pili ni la umeme, lenye tumbo wazi, la kupigia jazi hasa, jazi ya huku. Nyuzi zake ni laini, zimelala karibu na shingo, maana mkono wa kushoto hubadilisha vishiko mara nyingi na hauna nafasi ya kuhangaika. La tatu limechakaa, rangi imebabuka. Nyuzi zake ameziinua juu kusudi, nalo hulipiga kwa kutelezesha mgongo wa kisu juu ya nyuzi ili sauti ilie kama mtu. Hilo ni la blues. Nilipouliza kwa nini gitaa moja lisifanye kazi zote tatu, alinijibu kwa swali: "Wewe ulipokuwa ukifundisha, kitabu cha darasa la kwanza kilitosha mpaka la saba?" Nyuzi zilizoinuliwa kwa ajili ya kisu hazikamatiki kwa vidole katika jazi. Nyuzi zilizolala, ukizipitishia kisu, zitagonga shingo na kukwaruza. Basi nikatambua kwamba nilikuwa nimetumwa kumshauri mwanafunzi auze vitabu vyake.

Nikamwuliza, kwani kuna nini cha kujifunza ambacho mpiga gitaa wa zamani hakijui? Akacheka. Katika dansi ya kwetu, alisema, magitaa husukana kama ukili: solo lina njia yake, ridhimu ina yake, besi ina yake, na hakuna anayebeba wimbo peke yake. Wimbo huanza polepole na maneno, kisha huingia chemko, watu wakasimama. Mkono wa ridhimu huzunguka palepale, mwepesi na safi, mpaka alfajiri. Blues nayo ina mzunguko wake, vipimo 12 na vishiko vitatu, lakini uzi huvutwa pembeni mpaka sauti ipinde. Vidole vyake vilifundishwa miaka mingi visipinde kitu. Ikambidi aanze alifu kwa kijiti. Kidole chake cha pete cha mkono wa kushoto hakikunji tena sawasawa kwa maumivu ya viungo, kwa hiyo kila kishiko kinachohitaji kidole hicho hukitafutia njia nyingine. Zoezi moja alilonionyesha limemchukua miezi 4.

Hapo nilikumbuka chuoni kwetu Tanga, ubao mkononi, tukirudia herufi ileile mpaka Maalim aridhike. Sisi tulidhani kurudia ni adhabu. Shemeji anarudia kwa hiari yake, na hakuna mwenye bakora.

Kisha akanisimulia habari za watu watatu, nami nazileta kwenu, kwa sababu zinahusu miji hii tunayoishi na huipita kila siku bila ya kuijua.

Wa kwanza ni Sylvester Weaver, mzaliwa wa Louisville. Novemba 1923, mjini New York, alirekodi Guitar Blues na Guitar Rag, nazo huhesabiwa kuwa santuri za kwanza za blues kupigwa kwa gitaa tupu, bila mwimbaji. Mwaka 1927 aliacha kurekodi, akarudi Louisville, akawa dereva na mtumishi wa nyumbani wa familia ya matajiri. Aliishi zaidi ya miaka 30 hivyo. Alipofariki mwaka 1960 alizikwa pasipo jiwe la kaburi, na jiwe halikuwekwa mpaka mwaka 1992, kwa juhudi za wapenzi wa blues wa mji huu. Huku nyuma, ule wimbo wake ulikuwa umekwisha kuzaa mwingine, Steel Guitar Rag, uliosifika nchi nzima tangu mwaka 1936 mikononi mwa watu wengine.

Wa pili ni Wes Montgomery, aliyeishi Columbus utotoni. Mwaka 1935, alipokuwa na miaka 12, kaka yake Monk alimnunulia gitaa la nyuzi nne kutoka duka la rehani. Alipofika karibu miaka 20 alisikia santuri za Charlie Christian, akanunua gitaa la nyuzi sita, akaanza upya, akijifunza kwa sikio tu. Noti hakuzisoma. Na alipiga kwa dole gumba, mtindo alioushika ili asiwasumbue majirani kwa makelele. Adabu ya ujirani ikageuka kuwa sauti inayojulikana duniani kote.

Wa tatu ndiye aliyenigusa zaidi. Jimmy Raney alizaliwa Louisville mwaka 1927. Alipiga na Woody Herman, na Stan Getz, na Red Norvo, na mwaka 1954 na 1955 wahakiki wa gazeti la DownBeat walimchagua kuwa wa kwanza katika gitaa. Baadaye mambo yalimharibikia kwa ulevi, akarudi kwao Louisville. Kisha akapatwa na maradhi ya masikio yaitwayo Ménière, ambayo kwa miaka mingi yalimnyang'anya usikivu kidogo kidogo, mpaka akakaribia kuwa kiziwi wa masikio yote mawili. Fikirini, jamaa: mpiga muziki asiyesikia! Naye hakuacha. Alirudi jukwaani, na mwaka 1979 alirekodi santuri pamoja na mwanawe Doug, magitaa mawili tu, baba na mwana. Alifariki papa hapa Louisville mwaka 1995.

Alituachia pia masomo. Ng'ambo ya Mto Ohio, katika mji wa New Albany, mwalimu Jamey Aebersold alianza mwaka 1967 kutoa santuri za mazoezi, ambazo wapigaji hupiga na kumwachia mwanafunzi nafasi yake aijaze mwenyewe. Katika mfululizo huo imo ya kupiga wawili wawili na Jimmy Raney. Hiyo ndiyo karatasi niliyoikuta mezani. Kila asubuhi, baada ya chai, shemeji yangu huketi kupiga gitaa pamoja na mtu aliyekwisha kufa, aliyekuwa hasikii vizuri, naye humfuata taratibu kwa kidole kibovu. Mimi, mwenye masikio mazima na vidole kumi, nilikuwa nimekwenda kumwambia kwamba amekauka.

Basi niliwapigia simu wapwa zangu, nikawaambia: nimeshindwa kesi, na nafurahi kushindwa. Magitaa yote matatu yalisafiri kwa barabara ya 71 mpaka Columbus. Sasa yametundikwa ukutani, na kitanda kimesogezwa karibu na dirisha. Mjukuu wa miaka 11, ambaye zamani alikuwa akipita mbele ya babu yake na simu usoni, siku moja alisikia babu akikosea mahali palepale mara ya tano, akasema, "Babu, hapo umekosea." Babu akamjibu, "Najua. Njoo unionyeshe." Hakujua kuonyesha, bila shaka, lakini alikaa. Mtoto hukimbia mbele ya mzee anayejua kila kitu. Mbele ya mzee anayekosea na kurudia, hupata mahali pa kukaa. Hilo sikulijua katika miaka yote niliyofundisha, nami nalisema kwa haya.

Kuna jambo moja zaidi. Katika kuhangaika na blues, vidole vya shemeji vilianza kukumbuka vitu alivyodhani vimepotea. Nyimbo za bendi yake zilirudi, ridhimu yote, toka mwanzo hadi chemko. Mjukuu anazirekodi kwa simu. Lakini upo wimbo mmoja, waliokuwa wakifungia dansi karibu na alfajiri, ambao gitaa lake limerudi zima na maneno yake hayapo. Maneno aliyajua dada yangu. Alikuwa akiuimba jikoni, hapa Louisville, mwaka hata mwaka, sote tukisikia. Hakuna aliyemwomba akae chini auseme polepole. Mimi mwenyewe, mtoto wa chuoni niliyekatazwa kukaribia ukumbi wa dansi, ninakumbuka mistari miwili tu niliyoidaka kwa redio ya jirani, na sina hakika ya ule wa pili.

Kwa hiyo, jamaa zangu, ombi langu la mwaka huu ni fupi. Ikiwa nyumbani kwenu yuko mzee mwenye chombo, awe na gitaa, udi, cherehani ama sufuria ya kupikia halua, msimwambie apumzike. Mwacheni na chombo chake, na akitaka kujifunza jipya, mlipieni mwalimu. Kisha kaeni naye, mkono wake muutazame na kinywa chake mkisikilize, vyote viwili. Tutakapokutana Buffalo majira ya joto, shemeji atapiga wimbo ule. Kama yupo miongoni mwenu, mama au bibi, aliyewahi kuusikia kwa dada yangu, nakuomba uje ukae karibu na gitaa.

Tukijaaliwa uhai, tuonane barazani mwakani.