Akili Bandia na Maandishi ya Siri: Tusiache Kusoma Wenyewe



Ndugu wasomaji, siku hizi tunasikia kuwa akili bandia inafumbua maandishi ya siri ya kale. Vijana wetu wengi hudhani elimu hiyo imeanzia Ulaya. Sivyo. Katika karne ya 9, huko Baghdad, mwanachuoni Al-Kindi aliandika risala juu ya jambo hili. Alifundisha kuhesabu kila alama imejirudia mara ngapi, kisha kulinganisha na herufi za lugha husika. Kwa mfano, katika Kiswahili herufi inayotumika zaidi ni a. Basi alama inayojirudia kuliko zote huenda ndiyo a. Kompyuta za leo zimejengwa juu ya msingi huo, ila zinahesabu kwa kasi kubwa mno.

Hata hivyo, kuhesabu si kusoma. Mwaka 2011 kitabu cha siri kiitwacho Copiale kilifumbuliwa, kikaonekana ni cha Kijerumani. Hapo kompyuta ilishirikiana na wataalamu wa lugha. Lakini kitabu cha Voynich, kilichoko Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kimeshindikana. Mwaka 2018 zilienea habari kwamba kompyuta huko Kanada imegundua kuwa ni Kiebrania. Wajuzi wa lugha hiyo hawakuridhika, na mpaka leo hakuna aliyekisoma. Dini yetu imetufundisha kuhakiki habari kabla ya kuipokea. Na ya mashine ni vivyo hivyo.

Sasa tujiangalie sisi. Wazee wetu, kuanzia pwani hadi bara, waliandika barua, mikataba na tenzi kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Hawakuficha kitu; waliandika ili wasomwe. Leo karatasi hizo zimo masandukuni, na wajukuu wanaziona kama mafumbo! Tukingoja mashine itusomee, nani ataihakiki ikikosea, ikasoma b mahali palipokusudiwa p?

Wazazi na walimu wa madrasa, watoto wetu tayari wanazijua herufi hizo kwa ajili ya Qur'ani. Tuwaongezee somo dogo la kusoma Kiswahili kwa herufi hizo hizo, wangali wapo wazee wa kuwasahihisha. Nanyi wanafunzi, someni kompyuta kwa bidii, lakini msiiachie kazi ya kuwajua babu zenu.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.