Kabla ya rimu mpya, nyoosha magurudumu ya nyuma

Umejinyima weee, hatimaye ukapata Datsun 240Z. Hongera! Hilo si gari la mchezo. Ndilo Edgar Herrmann alilotumia kushinda Safari Rally mwaka 1971, na Shekhar Mehta mwaka 1973, kwenye matope na vumbi la huku kwetu. Nawe ulilifanyia nini? Ulikata springi likalala chini, ukavalisha rimu pana, ukapiga picha. Sasa ukifika kilomita 90 kwa saa, mkia unachezacheza kama wa ng'ombe anayefukuza nzi.

Ulienda alaimenti. Fundi akanyoosha mbele, akakwambia, "Nyuma haina pa kurekebisha, iko tu sawa."

Hapo mkatalie. Ni kweli 240Z ilitoka kiwandani bila bolti ya kurekebishia magurudumu ya nyuma. Lakini kukosa bolti hakumaanishi yamenyooka. Yakielekea upande mmoja, gari hutembea kama kaa, na usukani unaushika ukiwa umepinda ndipo liende moja kwa moja, hata kama mbele ni safi. Yakiangalia nje ni mbaya zaidi. Achia mafuta ghafla katikati ya kona, barabara imelowa, uone mkia ukitaka kukupita. Gari la enzi hizo halina kompyuta ya kukuokoa, bana.

Mimi ningeuza hizo rimu ninunue bushi. Raba ya miaka 50 imeshaoza, na ndiyo inayoshikilia mikono ya chini ya magurudumu. Lakini jiandae: kuna pini ndefu inayounganisha mkono na gurudumu, na kutu huikamata vibaya sana. Fundi akianza kuitwanga kwa nyundo kubwa, mwondoe. Huharibu nyuzi za pini kabla haijasogea hata kidogo. Itolewe kwa presi. Na bushi za raba zisikazwe gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Likishuka zitajipinda na kuchanika mapema. Zikazwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake.

Rudisha springi za urefu unaofaa kabla ya kupima chochote, kwa sababu gari likilala, magurudumu huinama. Kama bodi iliwahi kugongwa, inyooshwe kwanza.

Kupima ni uzi tu. Sakafu iwe sawa, uzi unyooke kila upande wa gari, sambamba na mstari wa katikati. Pima kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, kisha ukingo wa nyuma. Mbele paingie ndani kidogo, milimita 1 hivi, kushoto na kulia sawasawa. Ikikataa, kuna mikono ya kurekebishika inayotengenezewa gari hili. Halafu rudi kwa yule wa alaimenti, na safari hii aanze kupima nyuma, mbele ifuate.