Usimlaze Mama Mzee

Ukiona mfupa wa mbuzi uliotupwa nyuma ya jiko, unadhani mfupa ni kitu kikavu kama jiwe. Lakini mfupa ulio ndani ya mwili wako si hivyo. Una damu, unabomolewa kidogo kidogo na kujengwa tena kila siku. Kama usingekuwa hai, mguu wa mtoto aliyeanguka kutoka juu ya mwembe usingeunga tena.

Kazi hiyo ina wafanyakazi wa namna mbili: chembe zinazobomoa mfupa wa zamani, na chembe zinazojenga mpya. Tena ziko chembe nyingine zilizofungiwa ndani ya mfupa wenyewe, kama walinzi. Hizo zinasikia uzito. Zinatoa protini inayoitwa sklerostini, na neno lake kwa wajenzi ni moja tu: Acheni kazi. Ukitembea, ukipanda kilima, ukibeba mzigo, walinzi wanatoa sklerostini kidogo, na wajenzi wanajenga. Ukilala siku nyingi, sklerostini inaongezeka. Wajenzi wanapumzika, lakini wabomoaji hawapumziki.

Usifikiri protini hii ni adui. Kule Afrika ya Kusini ziko jamaa chache za watu wanaosema Kiafrikana ambao miili yao haiwezi kuitengeneza. Mifupa yao ni minene na mizito sana, haivunjiki upesi. Je, ni heri kwao? Hapana. Mfupa wa kichwa nao unazidi kunenepa na kubana mishipa ya fahamu. Wengi wanapooza uso na kuwa viziwi, na wengine walikufa ghafula kwa sababu ubongo ulibanwa. Mwaka 2001 wataalamu walipata kasoro ile katika urithi wao, na kwa njia yao tukajua kazi ya sklerostini. Tangu mwaka 2019 iko dawa ya sindano, romosozumabu, inayoizuia kwa wanawake wazee wenye mifupa dhaifu sana. Inadungwa kila mwezi kwa miezi 12. Bei yake ni kubwa, na mtu aliyepatwa na kiharusi au shtuko la moyo katika mwaka uliopita hapewi.

Sasa nitasema jambo ambalo wengine hawatalipenda. Tunadhani tunamheshimu mama mzee tukimwambia, «Keti tu, mama, usifanye kitu.» Wakwe wanachota maji, wajukuu wanaleta chakula mpaka kitandani. Upendo huo ni wa kweli, lakini mimi nasema unamdhuru. Mwanamke ambaye damu ya mwezi imekoma anapoteza mfupa upesi kuliko zamani. Ukimlaza tena, unaongeza hasara. Mwache aende shambani polepole. Mwache atwange sombe akiwa amesimama, aende kanisani kwa miguu yake, hata kama atafika baada ya wimbo wa kwanza. Mpe ndagala nzima pamoja na mifupa yao, na asikae gizani mchana kutwa.

Mgongo wake ukipinda, huenda ni mifupa ya mgongo iliyobonyea. Si alama ya uchawi, na anayesema hivyo anamwonea mjane bure. (Kijana akipinda mgongo ni jambo lingine. Mlete upesi, labda ni kifua kikuu cha mfupa.)

Lakini akianguka asiweze kusimama, mguu mmoja ukawa mfupi na unyayo ukageukia nje, usimkande, usimlazimishe kutembea. Waite vijana wamchukue katika kipoyi mpaka hospitali. Na akiisha kutibiwa, muulize munganga siku gani anaweza kuketi, na siku gani anaweza kusimama. Usingoje yeye akuambie kwanza, maana ana wagonjwa wengi.